Kava la grainda mmelipeleka wapi?

Juzi muuza vifaa mmoja katuma video kwenye grupu letu la mtaa. Grainda ndogo imefungwa msumeno wa meno, inapasua ubao wa mninga, singeli inagonga nyuma, na maandishi mekundu juu: MASHINE MOJA, KAZI ZOTE. Kava, yaani kinga inayofunika jiwe au msumeno, limeondolewa. Miwani hakuna. Jamaa kavaa kandambili. Chini yake watu wazima, wawili kati yao wajumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, wameuliza jambo moja tu: "Bei?"

Kwenye grupu nilinyamaza, maana pale ukibisha unaambiwa una wivu wa biashara. Hapa sinyamazi.

Grainda ni mashine ya kukata na kusaga chuma. Ukiifunga jiwe linalofaa, yaani kile kisahani cha kukatia, itakata taili na zege pia. Ile ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na jiwe lake limetengenezwa kwa mwendo huo: linalika taratibu, linatoa cheche, halina jino la kung'ang'ania kitu. Ifunge msumeno wa meno uone. Ubao una fundo, una unyevu, unabana baada ya kukatwa. Jino likinaswa, nguvu yote ya mota inahamia kwenye mashine yenyewe, nayo inaruka kumrudia aliyeishika. Inaruka kabla hujajua kuna kitu kimetokea. Na grainda nyingi za bei yetu zina swichi ya kusukuma inayojifunga ikiwa imewashwa, kwa hiyo hata ikikuponyoka mkononi haizimi. Inacheza sakafuni peke yake ikitafuta mguu, na mguu una kandambili.

Linganisha na msumeno wa duara, ule wa kukatia mbao. Chini una bamba pana linalokaa juu ya ubao, hauelei hewani. Kava lake la chini lina springi, linajifunga lenyewe ukimaliza kukata. Ukiachia kidole, umeme unakatika. Mzunguko wake ni karibu nusu ya ule wa grainda ndogo. Waliotengeneza vitu hivi viwili hawakuvitofautisha ili wakuuzie mashine mbili.

"Lakini kuna misumeno imeandikwa kabisa kuwa ni ya grainda." Ndiyo, ipo, inauzwa. Sigara nazo zinauzwa, na maandishi yake tunayajua.

Ubaya mwingine unaofanywa kila siku kwenye maeneo ya ujenzi ni wa mawe makubwa. Jiwe la inchi tisa lina tundu la katikati sawasawa na la jiwe dogo, kwa hiyo linaingia kwenye grainda ndogo vizuri tu, isipokuwa kava linazuia. Fundi anafanyaje? Anang'oa kava. Jiwe hilo limeandikwa usoni kwamba lisizidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, yaani mita 80 kwa sekunde pale ukingoni. Ukilifunga kwenye mashine ya mizunguko 11,000, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara tatu ya mwendo wa treni ya SGR ikiwa imeshika kasi yake yote kuelekea Morogoro, na kilichoshikilia jiwe lisisambaratike ni gundi na nyavu. Gundi hiyo nayo inazeeka. Tazama pete ya chuma katikati ya jiwe, kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kulitumia. Unga wa sembe tunakagua tarehe dukani, jiwe la grainda tunaliokota kwenye ndoo yenye maji na misumari.

Fundi aliyenichomelea geti, mtu mzima, mkono wa kuume, ana vidole viwili pungufu. Nilikaa naye siku nzima ndipo nikagundua, kwa sababu anajua kuuficha mkono: akiongea anaushika nyuma, akila anageuka kidogo. Nilipomuuliza alisema ni ajali ya kazi, akarudi kwenye nondo zake. Grainda aliyokuwa anaitumia siku ile haikuwa na kava.

Sasa hapa kila mtu anarukia kusema mafundi wetu ni wazembe. Wazembe kwa mtaji wa nani? Mwenye nyumba anamwambia fundi, "Nataka kabati liishe Ijumaa," halafu anamkata bei mpaka inabaki ya nauli na chakula. Fundi anakuja na mashine moja aliyo nayo, na hiyo mashine itakata geti, itakata taili za bafuni, itakata nondo, na wewe unataka isikate mbao? Msumeno wa duara unauzwa bei ya grainda mara mbili au zaidi. Hilo nakubali, tena kwa shingo upande: kwa kijana anayeanza, grainda ndiyo kifaa kinachorudisha hela haraka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, ila mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, haji huku Goba kuangalia fundi anakufungia rafu za jikoni. Aliyepo pale ni wewe mwenye nyumba, umekaa kwenye kiti cha plastiki unapiga simu.

Kuna hoja kwamba kava linamzuia fundi kuona mstari au kuingia kwenye kona. Kava linazungushwa, mabwana. Legeza kibanio, ligeuze upande mwingine, kaza, endelea. Kama kona bado ni finyu, kuna tupa, kuna msumeno wa mkono. Mababu walijenga milango ya Zanzibar inayopigwa picha hadi leo bila kuchomeka kitu ukutani, na sijasikia nyumba iliyokosa mlango kwa sababu seremala alikawia.

Mengine nitayasema harakaharaka maana nimeshapandisha.

Drili ya betri iliyoandikwa 128V, ifungue uone: ndani mara nyingi kuna betri tano ndogo zilizounganishwa, na hazizidi volti 21 hata zikijaa. Herufi ndogo zilizobandikwa pembeni ya namba ndizo mlango wa dharura wa muuzaji ukimuuliza volti 128 ziko wapi.

Ekstensheni nyembamba ya kuchaji simu msiiburute mita 30 kwenda kuendesha drili ya zege. Mota inakosa umeme wa kutosha, inachemka, koili inaungua, kisha mnasema mashine ni feki.

Kabla ya kulipia mashine yoyote, muulize muuzaji kama kaboni, zile brashi za mota zinazolika, na swichi zake zinapatikana kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Akianza kukusifia rangi ya boksi, ondoka.

Na vumbi la taili na zege si vumbi la barabarani. Lina silika, yaani chembechembe za madini ya mchanga, inakaa kwenye mapafu na haitoki. Mwagia maji kwa chombo cha mkono huku mwenzako anakata kwa mashine iliyoruhusiwa maji, au vaeni barakoa ya kazi. Ile ya kitambaa iliyobaki tangu 2020 haitoshi.

Turudi kwenye hela, kwa sababu ndiko maneno yote yanakoishia. Kwenye makadirio ya fundi tunaandika gundi, misumari, vanishi, bawaba, hata soda. Ongezeni mstari mmoja: msumeno wa duara, kukodi au kuazima, siku mbili. Mwingine: miwani. Mlipe nyinyi, msimwachie fundi aukate kwenye ujira wake. Nimefanya hivyo kwenye kabati langu la jikoni, na fundi aliposoma karatasi aliniuliza, "Bosi, hii ya msumeno utanidai baadaye?" Nikamwambia hapana, ila siku ya kwanza aje na grainda yake pia, pamoja na kava. Akasema kava liko kwao Mbagala, kwenye boksi, chini ya kitanda.

Tumekubaliana nimtumie nauli ya kulifuata.