Mjomba Hakuwa na Ngiri

Mjomba wangu wa Newala alianza kutetemeka kwa homa korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaokotwa. Mkojo ukimchoma, unatoka matone matone. Duka la dawa wakampa sipro, dawa ya kuua bakteria, jirani akaleta mizizi ya kutibu ngiri. Wiki ya pili hata kukaa mkekani akawa hawezi, maumivu yako kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mkojo umeziba kabisa.

Kumbe lilikuwa jipu la tezi dume. Bakteria, mara nyingi walewale wa utumboni, huingia kwenye tezi, ikavimba, usaha ukajikusanya mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Mwenye kisukari, mwenye VVU na aliyekaa muda mrefu na mpira wa mkojo wako hatarini zaidi. Sukari ya mjomba ilikuwa juu, na hakuna aliyewahi kuipima.

Mimi nalilaumu neno "ngiri". Huku Kusini kinachomuuma mwanaume chini ya kitovu ni ngiri au busha, na likishatamkwa hilo, maswali yamekwisha. Zahanati ya kwanza nao waliandika UTI wakamrudisha nyumbani bila kumgusa. Kidole tu, kikiingizwa njia ya haja kubwa, kingeamsha shaka: tezi inauma kupita kiasi, pengine inabonyea kama embe bivu. (Kiguse taratibu. Kuikanda tezi hiyo kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu.) Najua wazee wanavyokikwepa kipimo kile. Mjomba alikikataa mara mbili, akaniuliza, "Wewe mpwa wangu, umelogwa?"

Homa ikigoma siku mbili tatu mgonjwa akiwa kwenye dawa sahihi, aende altrasaundi, hasa ile ya kupitia njia ya haja kubwa, au siti skani. Jipu lisilofika sentimita 1 huweza kunywea kwa dawa peke yake. Kubwa hunyonywa usaha kwa sindano, au hufunguliwa kupitia njia ya mkojo. Likiachwa huweza kupasukia kibofuni au kwenye njia ya haja kubwa, au sumu ikaenea kwenye damu, presha ikaporomoka, figo zikagoma. Watu hufa hivyo.

Mjomba alinyonywa usaha, akatobolewa juu ya kinena kupitishiwa mpira wa mkojo, akamaliza wiki kadhaa za dawa. Sasa amerudi shambani. Ukimuuliza alikuwa anaumwa nini, anakujibu bila kusita: "Ngiri."