Taa Ile ni ya Nani?

Usiku wa giza, ukisimama mwaloni Igombe, hapa Mwanza, ziwa lote linawaka. Wavuvi wa dagaa husubiri siku zisizo na mwezi, na taa zao hujipanga mbali hadi usijue maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Mjomba wangu, aliyevua miaka mingi, alipenda kunijaribu: "Haya, taa ile ni ya nani?" Nikijibu haraka, ananicheka. Yeye husikiliza kwanza injini, akatazama taa inavyopanda na kushuka na wimbi, ndipo amtaje mwenye mtumbwi.

Nimemkumbuka wiki hii baada ya ujumbe kuzunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, eti wanasayansi wameshindwa kueleza vitu vinavyomwaga mionzi ya gamma angani, yaani mwanga usioonekana kwa macho, wenye nishati kubwa mno. Aliyeutuma akamalizia na viumbe wa sayari nyingine. Ndugu yangu, hakuna aliyeshindwa. Taa zimeonekana, wenyewe ndio hawajatajwa.

Darubini ya Fermi, iliyorushwa na Marekani Juni 2008, imeorodhesha vyanzo zaidi ya 7,000 vya mionzi hiyo. Vingi vilivyotambuliwa ni blaza, yaani mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi za mbali, yanayofyatua mkondo wa chembe kuelekea upande wetu. Vingine ni pulsa, masalia ya nyota zilizolipuka, yanayozunguka kwa kasi ya ajabu, miale yake ikitufikia kwa mapigo. Karibu theluthi moja bado havina jina la kueleweka.

Kisa ni kwamba jicho la gamma halioni kwa ukali. Chanzo hafifu Fermi hukizungushia duara tu, ikasema kimo humu ndani, na duara hilo laweza kufika theluthi ya upana wa mwezi mpevu. Humo mna nyota na galaksi tele. Kwa hiyo wanaitwa wengine: darubini za eksirei, za mwanga wa kawaida, za redio. Hapa ndipo mtu mwenye haraka anapojikwaa, kwa kuokota kitu kinachong'aa zaidi ndani ya duara na kukitangaza. Mimi naona ukaribu peke yake si ushahidi hata kidogo. Mitumbwi miwili hukaribiana, taa ikawa moja. Nitakachoamini ni mdundo: gamma ikipanda, mwanga nao upande, au eksirei na gamma zipige kwa mapigo yaleyale.

Geminga, chanzo kimojawapo cha gamma, ni mfano ninaoupenda. Iligunduliwa miaka ya 1970 na setilaiti ya SAS-2, ambayo (wengi hapa hawajui) ilirushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waitaliano wakaichezea jina, kwani kwa lahaja ya Milano husikika kama "haipo". Kwenye redio ilikuwa kimya karibu kabisa, na kwa mwanga ni hafifu mno. Miaka ikapita watu wakibishana. Mwaka 1992 setilaiti ya ROSAT ikanasa eksirei zake zikipiga kila baada ya sekunde 0.237. Walipofungua tena rekodi za gamma, mdundo uleule ulikuwemo. Pulsa! Takriban miaka ishirini kutaja mwenye taa mmoja, na mjomba asingeona ajabu.

Siku hizi baadhi ya macho hayo yako Afrika. MeerKAT ya Afrika Kusini husikiliza redio ndani ya maduara ya Fermi na imeshapata pulsa humo, H.E.S.S. ya Namibia hufuatilia gamma zenye nishati kubwa zaidi. Data za Fermi zenyewe ziko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa fizikia hapa Mwanza anaweza kuzipakua usiku huu akachagua duara lake, ilimradi bando lisimwishie njiani.