Mia Tatu ni Ndogo kuliko Mia Tatu na Nane

Kura ilipigwa mimi nikiwa Mambrui mazikoni, na niliporudi Malindi mpwa wangu alikuwa amekwisha kununua bunduki.

Mpwa huyu yuko Pennsylvania, Marekani, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Wenzake wa kazini ikifika mwisho wa Novemba hutoweka msituni kuwinda kulungu, naye mwaka huo akataka kutoweka nao. Karatasi zake za ukaazi ziko sawa, na kozi ya usalama wa uwindaji alishaipita, kwa kuwa kule mwindaji wa mara ya kwanza hapewi leseni bila cheti hicho. Kilichobaki ni kuchagua kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki hupiga. Angeniuliza mimi, mjomba wake, niliyefundisha shabaha jeshini mpaka nikastaafu, lakini simu yangu niliizima kwa heshima ya maiti. Akampigia mamake. Mamake alikuwa anapita mbele ya baraza letu pale Shela, mkononi ana kikapu cha soko, na maneno ya kaliba yalimchosha mapema. Akampa simu mzee wa kwanza aliyemwona.

Baraza letu lina muuza samaki, mwenye bucha, ustadh wa madrasa, na mzee mmoja anayedai aliwabebea mizigo wawindaji wa Kizungu kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mizigo yenyewe, kwa maelezo yake, ilikuwa sufuria.

Mtoto akawasomea nambari: .243, .270, .308, na .300 Winchester Magnum ambayo mwenzake wa kazini anamuuzia kwa bei ya kutupa. Muuza samaki akamuuliza ana kilo ngapi. Hamsini na nane.

"Basi mwanangu, wewe mwembamba," akamwambia. "Mia tatu na nane itakuumiza. Chukua hiyo mia tatu, ni ndogo."

Ustadh alijaribu kusema kwamba mia mbili arubaini na tatu ni ndogo zaidi. Akaambiwa anayewindwa ni kulungu, si njiwa. Mzee wa sufuria akaunga mkono, mikono ikainuliwa, kahawa ikaagizwa.

Hesabu yao haikuwa na kasoro. Ila nambari hizo zinataja, tena kwa makadirio, unene wa kichwa cha risasi kwa sehemu za inchi; juu ya ganda na baruti iliyomo hazisemi neno. Hiyo .308 na hiyo .300 Magnum zote mbili hurusha kichwa cha kipenyo kimoja, inchi 0.308, yaani milimita 7.8. Tofauti iko nyuma ya kichwa. Ganda la .308 hula baruti ya greni 45 hivi, la .300 hufika greni 70, na greni kumi na tano na nusu ndizo gramu moja. Baruti yote hiyo husukuma pande mbili, na upande mmoja yuko mpigaji. Teke la .243 ukilihesabu moja, la .308 ni karibu mbili, na la .300 Magnum ni karibu tatu, hapo bunduki zikiwa na uzito wa kawaida. Aliyonunua mpwa wangu ilikuwa ya kupandia milima, kilo tatu bila darubini. Bunduki ikiwa nyepesi hurudi kwa kasi zaidi kwa risasi ile ile. Mwenzake aliyemuuzia hakueleza kwa nini anaiuza, naye mtoto hakuuliza. Anatoka mji wa biashara lakini hakujifunza kitu.

Darubini akaifunga mwenyewe. Darubini ya bunduki hutaka jicho likae mbali nayo, sentimita 9 hivi, ndipo picha ijae bila duara jeusi pembeni. Yeye akaivuta nyuma mpaka ikawa miwani. Kisha akaenda uwanja wa shabaha, akakaa kwenye meza, na mtu akikaa mezani huinama mbele kuliko akisimama, kwa hiyo zile sentimita zilizosalia nazo zikaliwa. Kitako akakiweka kwenye msuli wa mkono badala ya kukizamisha kwenye kishimo cha bega, kwa sababu begani, alisema, palionekana pataumia.

Risasi ya greni 180 ikaenda upande ule kwa mita 900 kwa sekunde. Bunduki ikaja upande huu.

Dada yangu ndiye aliyemwona kwanza, kwenye simu ya video, plasta juu ya nyusi na jicho limevimba. Hakuuliza bunduki. Aliuliza mkewe yuko wapi, na mwiko uko wapi. Ilichukua muda mrefu kumtoa hapo, na mpaka leo akimsalimia mkwewe kuna baridi kidogo. Mimi nilimwambia mtoto atoe plasta nione. Mwezi mwandamo kabisa, umechongwa na ukingo wa darubini. Makuruta wangu waliwahi kutoka na alama nyingi, lakini hiyo sikuwa nayo, kwa kuwa bunduki za G3 tulizofundishia jeshini zilikuwa na vilengeo vya chuma, bila darubini.

"Mjomba," akasema, "baraza walisema ni ndogo."

Nikamwambia auze. Mwenzake wa ghalani aliyemuuzia alikataa kuichukua tena hata kwa nusu ya bei, akidai daktari wake amemkataza. Ikabidi duka la bunduki lichukue hiyo na yeye aongeze pesa, apewe .308 iliyotumika, kilo tatu na nusu, ya bolti, kile chuma kinachovutwa kwa mkono kila risasi. Wako watakaosema kwa kilo hamsini na nane ningempa .243, na si vibaya. Yenye kichwa cha greni 100 humwangusha kulungu bila tabu akisimama ubavu. Tatizo lake ni kwamba haisamehi. Mnyama akigeuka pembe mbaya, kichwa chembamba kikikutana na mfupa wa bega, unaanza kutembea msituni na tochi. Mwenye .270 naye simkatai, risasi yake ya greni 130 huenda moja kwa moja, ila kishindo chake humtia mgeni woga. Ile 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 ni ya upole na ina shabaha nzuri. Lakini .308 ni karibu sawa na 7.62 ya G3. Tabia zake nazijua, na kule sanduku la risasi zake haliadimiki. Greni 150, kichwa chenye ncha laini kinachofunguka ndani ya nyama. Kulungu wao mwenye mkia mweupe akikomaa huwa kilo 60 mpaka 90. Hahitaji kitu cha kumwangusha nyati.

Baada ya hapo masomo yakahamia barazani. Saa kumi na moja jioni kwetu ni saa nne asubuhi kwao mwezi wa Oktoba, nayo simu tuliiegemeza kwenye deli la kahawa. Tukaanza na darubini upya: ikuze picha mpaka mwisho, fumba macho, laza shavu kwenye kitako kama utakavyopiga, fumbua. Ukiona duara jeusi, sogeza darubini, usisogeze shingo. Picha ikijaa, kaza skrubu za pete kidogo kidogo kwa zamu, huku na huku, usimalize upande mmoja kwanza. Kisha ng'oa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone shabaha ya yadi 25 katikati ya tundu, halafu, bila kuitikisa bunduki, leta msalaba wa darubini pale pale. Mtu akianzia yadi 100 bila kufanya hivi, risasi zake tatu za kwanza hupotea hewani na hajui zimepita juu ama chini.

Akapiga tatu. Zikakaa pamoja, inchi mbili chini ya kitovu cha shabaha. Nikafurahi, kwa sababu zilizokaa pamoja ni za kurekebisha. Zilizotawanyika ni za kuombea dua.

Sasa hesabu ya kliki, ule mlio wa kifundo cha kurekebishia darubini. Kliki moja ya darubini yake husogeza risasi robo inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 ni robo ya hiyo robo, sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaona inchi mbili, wanapiga kliki nane, hakuna kinachoonekana, wanaitukana darubini. Inchi mbili kwa yadi 25 ni kliki 32. Nikamwambia azungushe kifundo polepole, simu aiweke karibu, tuhesabu pamoja.

Baraza lote likainama. Ti. "Moja!" Ti. "Mbili!" Walihesabu kwa sauti ya maulidi, na watoto waliokuwa wakitoka madrasa wakajiunga. Muuza kahawa, ambaye hana habari na Pennsylvania, akaja kwa kazi yake, anagonga vikombe kama kila siku: ti, ti. Hakuna aliyegeuka. Walipofika thelathini na mbili wakapiga kelele, "Simama!" na mtoto akasimama.

Risasi tatu zilizofuata zilipanda inchi moja tu.

Mpwa wangu akasema darubini ni mbovu. Mzee wa sufuria akasema darubini za siku hizi si za zamani. Mimi nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani: inchi moja kwa yadi 25 ni kliki 16. Tulihesabu 32. Kumi na sita zilizobaki zilikuwa za vikombe. Muuza kahawa aliombwa asimame, mtoto akaongeza kumi na sita kimyakimya, na risasi zikatua kitovuni. Halafu akahamia yadi 100 kuhakikisha, kwa sababu ya 25 ni mwanzo tu, risasi hutoka chini ya mstari wa darubini na ikifika mbele huwa imeukata ikapanda. Akashusha kidogo. Ukiiweka .308 sawa kwa yadi 100, kwa 200 inashuka sentimita kumi mpaka kumi na mbili, na katika misitu ile ya miti minene hatapata nafasi ya kuona mbali hivyo.

Kilichosumbua zaidi ni woga alioachiwa na ile Magnum. Rafiki yake alimpakilia bunduki bila yeye kuona, mara risasi ya kweli, mara risasi bandia ya mazoezi. Kwenye bandia, chuma kililia "tak" na mtutu ukainama wenyewe. Ndivyo mwili unavyojikinga kabla ya teke. Dawa yake ni kukaa nyumbani usiku, bunduki tupu, iangaliwe mara mbili, risasi ziwe chumba kingine, sarafu ilazwe juu ya mtutu, kisha kifyatulio kibanwe kwa ncha ya kidole mpaka kimshtue mwenyewe. Sarafu ikianguka, anza tena. Muuza samaki akasema mwanamume hashtuki. Tukampa ufagio na shilingi kumi juu ya mpini. Nilipopiga makofi nyuma ya kisogo chake, shilingi iliruka ikazama kwenye kahawa ya ustadh.

Somo la mahali pa kupiga nililiacha kwa mwenye bucha, kwani ndiye pekee pale mwenye elimu ya kweli. Mnyama akisimama ubavu, fuata nyuma ya mguu wa mbele, panda theluthi moja kutoka tumboni. Hapo pana moyo chini na mapafu juu, eneo la sentimita 20 hivi. Usipige kichwa, hakitulii. Ustadh akaongeza yake: sema Bismillahi unapofyatua, na ukimkuta ana roho, mchinje.

Jumamosi ya kwanza ya msimu akatoka, amevaa rangi ya machungwa kifuani, mgongoni na kichwani, kwa kuwa sheria ya kule inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo ing'aayo, na kulungu haioni vizuri. Asubuhi akaja kulungu yadi 60, ubavu mtupu. Mtoto akaondoa sefti, kizuizi cha kifyatulio, akavuta pumzi, akatoa nusu, kisha akasema Bismillahi kwa sauti ya mimbarini.

Mkia mweupe ndio alioona.

Ustadh alitoa ufafanuzi kwa simu saa ile ile: kunong'ona kunatosha. Jioni, kabla jua halijatua, akaja mwingine. Risasi moja, akakimbia hatua chache akalala. Picha zikatufikia sisi tunaamshana kwa alfajiri.

Mwenye bucha akauliza uzito. Kilo sabini mzima. Na nyama iliyotolewa mifupa? Ishirini na nane. Akakunja uso, akauliza maini yako wapi, utumbo uko wapi, kichwa je. Mtoto akaeleza kwamba kule mnyama hupasuliwa pale pale alipoanguka, vya ndani vikaachwa msituni kwa mbweha na kunguru.

"Maini?" akasema mwenye bucha. "Umewapa mbweha maini?" Akairudisha simu kwa mamake na kukataa kuongea naye tena.