Mguu wa Kushoto na Ndafu ya Shangazi

Mimi ni dereva wa Canter. Nabeba saruji, nondo na matofali, na mguu wangu wa kushoto haujui kazi nyingine duniani zaidi ya kukanyaga klachi. Wala siutumi. Tuta likikaribia unashuka wenyewe, mkono unapangua gia, na mimi muda wote nabishana na utingo wangu habari za Simba na Yanga.

Sasa siku ya sendofu ya binti wa Shangazi nikakabidhiwa Noah ya otomatiki. Dereva alikuwa awe mume wa Shangazi, lakini tangu alfajiri mzee alikuwa anasimamia uchomaji wa ndafu, na kwetu Wachaga kazi hiyo haifanywi na koo kavu. Ilipofika saa kumi jioni, mbege ilikuwa imeshamwondoa kwenye orodha ya madereva.

Kwa asiyejua, ndafu ni mbuzi mzima wa kuchoma. Anapambwa, anatiwa majani mdomoni, halafu anaingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele kama vile yeye ndiye anayeolewa. Tukakunja viti vya nyuma, tukampakia na sinia lake. Shangazi akamfunika khanga asiingiwe na vumbi, akakaa pembeni yake.

"Polepole, baba," akaniambia. "Huyu mbuzi ametoka Rombo."

Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, breki na mafuta, na zote ni za mguu wa kulia. Hilo nililijua. Ungenipa mtihani wa karatasi ningepata mia kwa mia. Lakini mguu haukuwahi kukaa darasani. Halafu hiyo breki yenyewe ni pana, imejinyoosha mpaka jirani na pale klachi inapokaaga, na klachi ya Canter hukanyagwa mpaka chini, bila huruma.

Kutoka Tabata tulienda vizuri, maana kila nilipotaka kupunguza mwendo niliwaza kwanza mguu upi ni upi. Tulipoingia barabara ya Mandela Shangazi akaanza kunihadithia mambo ya kamati: nani ameahidi na hajatoa, nani ametoa na anataka dunia nzima ijue. Utamu ukanikolea. Akili ikahamia kwenye michango, gari likabaki mikononi mwa mguu.

Bajaji ya mbele ikapunguza mwendo. Mguu wa kushoto ukashuka kutafuta klachi, ukakuta breki, ukaizamisha yote. Gari likasimama palepale. Mbuzi hakusimama. Aliteleza na sinia lake, akapenya katikati ya viti, akanilaza kichwa begani, khanga bado amejitanda, majani yake yakinitekenya sikio. Nyuma yake akaja Shangazi, amemng'ang'ania paja.

"We mtoto! Unataka kutuua?"

"Samahani, Shangazi. Ni klachi."

"Gari hili lina klachi?"

"Halina, Shangazi."

"Sasa umekanyaga nini?"

Tukamrudisha mbuzi. Nikaondoka huku nikijiambia kimoyomoyo: usikanyage kwa kushoto, usikanyage kwa kushoto. Binamu yangu mmoja, aliyesomea saikolojia, alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo nilipojimaliza. Anasema mwaka 1987 huko Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zikalia kweli. Wegner alieleza kwamba ukitaka kuhakikisha huwazi kitu, lazima pembe moja ya akili ibaki inakivizia, na huko kuvizia ndiko kunakokiita. Wenzangu walipewa dubu wa kufikirika. Mimi mbuzi wangu alikuwa halisi, wa moto, na alikuwa kisogoni.

Trafiki akanyoosha mkono. Unajua kilichotokea. Safari hii mbuzi alikuja kwa kasi zaidi, na shati langu la kitenge likapata mafuta mpaka kwenye kola.

Trafiki akachungulia dirishani, akaona kichwa kimejitanda khanga, kimeniegemea.

"Huyu mgonjwa mnampeleka hospitali gani?"

"Tunampeleka sendofu, afande," akajibu Shangazi, akafunua khanga.

Trafiki na mbuzi wakatazamana. Kisha akaomba leseni, akaandika faini ya Shangazi kukaa nyuma bila mkanda, akasikiliza kesi ya mguu wangu kama hakimu. "Nyie mnaotoka kwenye magari ya gia ndivyo mlivyo," akasema. "Uvute huo mguu nyuma, uusukumie chini ya kiti. Ukae huko mpaka mfike."

Nikautia rumande. Tulifika Sinza bila mtikisiko mwingine. Mbuzi aliingia ukumbini shingo imepinda kidogo, mshereheshaji akatangaza kwamba ndafu ya mwaka huu inawainamia wakwe kwa heshima. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Shangazi akanitazama, akaangalia pembeni, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Yule binamu anasema jambo ulilolirudia sana huhamia ndani kabisa ya ubongo, halingoji tena ruhusa yako. Mimi mguu siulaumu. Ningekuwa nawaza kila gia, saruji ya watu ingegandia barabarani, na mguu huo ndio unaonilisha.

Ila Jumatatu nikarudi kwenye Canter, mzigo umejaa, nikakaribia taa za Buguruni. Taa nyekundu. Mguu wa kulia ukakanyaga breki. Wa kushoto ukajivuta wenyewe, ukaenda kutulia chini ya kiti. Lori likatetemeka, likaruka mara moja, likazima katikati ya njia. Nyuma honi zikaanza.

Utingo akainama, akachungulia miguuni kwangu.

"Bro, mbona mguu umeuficha?"

"Bado uko rumande," nikamwambia. "Sijauandikia dhamana."