Seti au orodha: uamuzi mdogo unaoitesa hifadhidata

Hibernate, maktaba ya Java iliyoanza 2001 kuunganisha obijekti za programu na majedwali ya hifadhidata, hukubali mkusanyiko wa obijekti uwe seti (isiyoruhusu marudio) au orodha (inayoyaruhusu). Waandaaji programu wengi huchagua orodha kwa mazoea tu. Wapo pia wanaohubiri seti kila mahali. Kambi zote mbili zina hoja.

Chukua kozi yenye wanafunzi 300, uhusiano wa wengi kwa wengi kupitia jedwali la kiungo. Orodha isiyowekewa @OrderColumn (safu inayohifadhi nafasi ya kila kipengele) huhesabiwa kuwa mfuko tu: haina mpangilio na inaruhusu marudio, hivyo Hibernate haiwezi kubaini mstari upi hasa uondolewe. Mwanafunzi mmoja akijitoa, hufuta mistari yote 300 kisha huingiza upya 299. Seti hufuta mmoja. Hapa sioni la kubishania.

Mambo hugeuka kwenye akaunti na malipo yake, pale ambapo kila lipo hubeba ufunguo wa akaunti. Kuongeza lipo jipya kwenye orodha hakulazimishi kusoma ya zamani. Seti lazima ihakikishe halimo tayari, na kwa kawaida hupakia yote kwanza, hata yakiwa 20,000. Tena seti hutegemea equals na hashCode, mbinu za Java za kulinganisha obijekti na kuipa kila moja hashi, yaani namba ya kuitafutia. Ukizijenga juu ya namba inayotolewa na hifadhidata, obijekti iliyoingia kabla ya kuhifadhiwa hubadilika hashi yake. Ukiiuliza seti inajibu haimo, ilhali imo. Hitilafu ya aina hii husumbua sana kuisaka. Kwa malipo ningebaki na orodha bila kusita.

(@OrderColumn yenyewe iachiwe mpangilio ambao ni sehemu ya data, kama vituo vya njia ya basi. Kupanga kwa tarehe, @OrderBy, inayopanga wakati wa kusoma tu, yatosha.)

Kinachonikera zaidi ni seti kutumiwa kama dawa ya MultipleBagFetchException, kosa linalotokea ukivuta mifuko miwili kwa pamoja. Ukibadili kuwa seti kosa hutoweka, lakini chapisho lenye maoni 50 na picha 20 bado huleta mistari 1,000, kwa kuwa kila oni huunganishwa na kila picha. Kosa lile lilikuwa onyo, na kulinyamazisha ni kumhamishia mtumiaji mzigo. Uliza hifadhidata mara mbili, maoni kwanza, picha baadaye: mistari 70.