Semina ya kutokusanyika, ukumbini

Hivi nani aliona ni busara kutujaza wahadhiri wote kwenye ukumbi mmoja ili tufundishwe namna ya kutokusanyika, yaani kufundisha kwa mtandao? Ilikuwa 2020, Korona imeshatangazwa janga la dunia tangu 11 Machi, na sisi tumebanana, madirisha yamefungwa kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi. Mlangoni tunapimwa joto, ndani tunapumuliana saa 3 nzima.

Na semina yenyewe sasa! Muda mwingi tulionyeshwa kitufe cha kuzima maikrofoni. Kumfundisha mwanafunzi mwenye simu na bando la kuungaunga? Kimya. Kutunga mtihani ambao jibu lake halipatikani kwa kugugo? Kimya. Nikauliza kama naweza kurekodi mhadhara wa sauti tupu badala ya video, maana sauti hula data kidogo mno. Nikajibiwa, "Hilo tutalijadili baadaye." Baadaye ipi, na vipindi vinaanza Jumatatu?

Usalama ndio usiseme. Mishale sakafuni, vitakasa mikono kila kona, meza zinapuliziwa dawa mpaka macho yanawasha. Sawa, mikono tunawe, sikatai. Lakini kirusi hiki husambaa zaidi kwa hewa tunayovuta, na kufungua dirisha hakuhitaji kikao cha bajeti.

Nikainuka, nikafungua moja. Mratibu akaja mbio kulifunga, barakoa imemning'inia kidevuni, eti ubaridi unapotea.