Kutofunga Dar ni jambo moja, kuacha kuhesabu ni jambo jingine

Machi 2025, Wizara ya Afya ilipothibitisha wagonjwa wawili wa mpox, ugonjwa wa kuambukiza wa vipele, mmoja wao dereva wa lori aliyekuwa akija Dar es Salaam kutoka nchi jirani, kijiweni kwetu Temeke hazikupita dakika kumi kabla jina la Magufuli, rais wetu wa wakati wa corona, halijatajwa. Mmoja akasema 2020 corona ilipoingia tuligoma kufungiwa na Mungu akatuvusha, basi na huu utapita. Mwenzake, ambaye mwanzoni mwa 2021 alimzika mama yake mdogo aliyeambiwa ana nimonia, akainuka akaondoka bila kuaga. Hawa ni watu wanaogongeana milango sikukuu zote.

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na kila mara unaishia palepale: ama tulikuwa sahihi kutofunga, ama tuliua watu kwa kutofunga. Naandika kwa sababu naona pande zote mbili zinabishania nusu ya jambo.

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Mtanzania aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko, na siku iliyofuata vyuo navyo vikafungwa. Mbio za Mwenge zikafutwa, fedha zake zikaelekezwa afya. Mpaka hapo wengi tulikuwa kitu kimoja. Tuliachana njia pale majirani walipokwenda mbali zaidi: Rwanda ikawafungia watu majumbani kuanzia 21 Machi, Kenya ikaweka kafyu tarehe 27, Uganda ikafuata mwisho wa mwezi. Aprili wapinzani wakataka Dar ifungwe, na Rais Magufuli akakataa, akisema ndiyo inayokusanya takribani asilimia 80 ya mapato ya nchi.

Naanza na upande wa waliokataa kufunga, kwa sababu nilikuwa nikiishi ndani ya hoja yao. Nyumba niliyopanga ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, uani choo kimoja, bafu moja na bomba linalotoa maji kwa zamu. Tulikuwa watu kumi na tisa. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja, sote tukimwita Mama Shamimu, aliyekuwa akiuza chapati na supu barazani tangu alfajiri. Saa nne asubuhi alikuwa ameshamaliza, anakaa kitandani kugawa hela mafungu mawili: hili la unga na nyama ya kesho, hili la chakula cha leo. Fungu la tatu halikuwapo. Mtu kama huyo ukimwambia akae ndani siku ishirini na moja, siku ya pili anakula mtaji, siku ya nne hana biashara ya kurudia.

Halafu kukaa ndani kwenyewe, ndani ya wapi? Anayejifungia katika nyumba ile anajifungia na watu kumi na wanane, na asubuhi wote wanapanga foleni ya choo. Agizo la kubaki nyumbani lilitungwa kwa mtu mwenye friji, mshahara unaoingia hata asipotoka, na chumba cha kumtenga mgonjwa. Mbezi Beach na Masaki linatekelezeka. Tandale, Manzese na Mbagala lingetekelezwa kwa virungu, na tulishaona mfano kwa jirani: siku ya kwanza ya kafyu, kwenye kivuko cha Likoni kule Mombasa, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakiwahi kuvuka warudi makwao. Watu waliokusudiwa kutenganishwa walisongamana na kukohoa kwa moshi. Atakayedai hoja hii ilikuwa kisingizio tu hajawahi kuamka bila akiba.

Lakini upande wa pili nao haukuwa wa watu walionakili London kama ilivyosemwa. Hoja yao ilikuwa ya muda. Kirusi kile mtu mmoja alikuwa akiwaambukiza wawili hadi watatu, na dalili huchukua siku mbili hadi kumi na nne kujitokeza. Maana yake wagonjwa unaowaona leo ni wa wiki iliyopita, na wa leo hujawaona bado. Ukisubiri wodi zijae ndipo uamue, umeshachelewa kuliko unavyodhani. Na mwezi ule wa Machi hakuna aliyejua kama kirusi kingetuua kama kilivyokuwa kikiwaua Wataliano au kingetuhurumia kwa sababu nchi yetu imejaa vijana. Hilo la vijana tumelijua baadaye. Aliyetaka kufunga kwa wiki mbili tatu ili hospitali zipumue na wapimaji wajipange hakuwa mwoga.

Hata kuhusu nyumba yangu walikuwa na jibu. Ni kweli ndani tungeambukizana. Ila sote kumi na tisa tulikuwa tunatawanyika kila asubuhi, huyu Kariakoo, yule Feri, mwingine Tegeta, na jioni tunarudi na kila tulichookota. Kufunga kungeacha moto uunguze nyumba moja badala ya mtaa. Hoja hii ni nzito na sikuwahi kusikia ikijibiwa hadharani. Ilijibiwa kwa kuitwa wasaliti waliotumwa na mabeberu.

Mimi, nikiweka yote mezani, naona kuifunga Dar kwa mtindo wa Kigali kungeshindikana. Si kwa sababu ugonjwa ulikuwa mdogo, bali kwa sababu hakukuwa na gunia la unga la kumpelekea Mama Shamimu. Serikali isiyoweza kulisha haiwezi kufungia. Na kulikuwa na njia za katikati tulizozigusa kidogo kisha tukaziacha. Mojawapo ilikuwa lile agizo la daladala kubeba abiria waliokaa tu, level siti. Wiki ile ya kwanza nilisimama kituoni Gongo la Mboto saa moja na nusu nikitazama magari yakipita yamejaa viti vyote. Ndani ya gari watu walikaa vizuri. Kituoni tulikuwa mamia, na gari lenye nafasi likisimama tulirukiana mlangoni, wengine wakapitia dirishani. Msongamano ulihama tu kutoka kwenye gari kwenda kituoni. Dawa yake haikuwa kulifuta agizo, ilikuwa kuongeza magari asubuhi na kupishanisha saa za kuingia kazini. Hayo yanahitaji mtu anayepima kila wiki nini kinafanya kazi na nini hakifanyi.

Kupima ndiko tulikoacha. Tarehe 29 Aprili 2020 Waziri Mkuu alitangaza wagonjwa 480 na vifo 16. Siku chache baadaye Zanzibar ikaongeza takwimu zake, jumla ikafika 509 na vifo 21, kisha kimya. Katikati, tarehe 3 Mei, Rais akiwa Chato alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kwale zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi zina corona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi.

Nataka kuwa mkweli hapa. Kukagua maabara kwa sampuli za mtego si kosa. Maabara nzuri hukaguliwa hivyo mara kwa mara. Mashine ikikosea, inatengenezwa, vitendanishi vinabadilishwa, sampuli zinapelekwa maabara nyingine zilinganishwe, na hesabu inaendelea. Kilichofuata kwetu ni kwamba kipimo kilitiliwa shaka na kuhesabu kwenyewe kukazikwa humo humo. Muuzaji akigundua mizani yake inadanganya hafungi duka, anatafuta mizani nyingine.

Tazama kilichotokea baada ya hapo. Tarehe 13 Mei ubalozi wa Marekani ukasema hospitali nyingi za Dar zimeelemewa. Serikali ikakanusha. Tarehe 17 Mei Rais akasema hospitali ya Amana, iliyokuwa na wagonjwa 198, imebakiwa na 12. Huenda alikuwa anasema kweli kabisa. Lakini angalia: hata yeye alipotaka kutuondoa hofu alishika namba, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumtoa mtu hofu ya ugonjwa. Tatizo ni kwamba tulipewa namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, bila siku za katikati, na hakuna mwananchi, daktari wala mwandishi aliyekuwa na pa kuzihakiki. Julai zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha mamlaka. Hapo maneno ya WhatsApp ndiyo yakawa taarifa ya habari, na video za mazishi ya usiku zikasambaa bila mtu wa kusema hii ni ya lini na ya wapi.

Waliotetea ukimya walikuwa na sababu tatu, na sizidharau. Taharuki huua, mtu anaogopa kwenda hospitali. Mgonjwa hunyanyapaliwa mtaani. Na utalii, ulioleta wageni milioni 1.5 mwaka 2019, ungekufa. Ila hii si mara yetu ya kwanza kuugua. Kipindupindu kilipolipuka Dar Agosti 2015, takwimu zilitangazwa, na Magufuli huyuhuyu, hata mwezi haujaisha tangu aapishwe, alifuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba akataka nchi nzima ishike mafagio, akikitaja kipindupindu kwa jina. Hatukuzimia kwa hofu. Tulichemsha maji. Kuhusu utalii, ndege nyingi za abiria duniani zilikuwa zimesimama tangu Machi. Ukimya wetu haukujaza hoteli hata moja mwezi ule.

Na taharuki haikuzuiwa, ilihamia kwenye maneno. Mwanzoni mwa 2021 watu walianza kufa kwa kitu kilichoitwa changamoto ya upumuaji. Maaskofu Katoliki walikuwa wameshaonya Januari kuhusu wimbi jipya, na Machi katibu wa baraza lao akasema mapadri zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili. Februari Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, baada ya chama chake kusema wazi kwamba ana corona, na uwazi ule ulitushtua kana kwamba tumesikia tusi. Kwenye msiba wa yule mama mdogo wa rafiki yangu, ndugu walinong'ona uani wakiulizana kama inafaa kuosha maiti kwa mikono mitupu. Hakuna aliyewajibu. Wangejibiwa na nani, wakati ugonjwa wenyewe haukuwa na jina?

Ukimya ule ulidai deni lake hata baada ya kuvunjwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyempokea Magufuli, aliunda kamati ya wataalamu, nayo Mei 2021 ikapendekeza takwimu zitolewe na chanjo ziruhusiwe. Julai zikafika dozi 1,058,400, na tarehe 28 yeye mwenyewe akachomwa sindano mbele ya kamera. Mwitikio ulikuwa wa kusuasua miezi ya mwanzo, na siwalaumu wananchi. Mwaka mzima waliambiwa ugonjwa umeondoka kwa maombi. Unamchanjaje mtu dhidi ya kitu ulichomwambia hakipo?

Ndiyo maana nasema hata anayeamini Magufuli alikuwa sahihi kutofunga anapaswa kuuma meno kwa hesabu zile kuachwa. Amenyimwa ushahidi wake. Leo angesimama na karatasi aseme: hawa ndio walioumwa, hawa walikufa, na huu ndio uchumi uliokua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020 wakati wa Kenya ukisinyaa. Ana namba ya uchumi, ya watu hana. Na anayeamini tuliua watu naye hana chochote mkononi ila makaburi ya ndugu zake. Kwa hiyo wanabishana kijiweni, na wataendelea.

Tumejifunza? Nusu. Homa ya Marburg ilipoingia Bukoba, serikali ilitangaza yenyewe tarehe 21 Machi 2023, na mlipuko ukatangazwa kwisha 2 Juni kwa vifo sita. Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya Marburg huko Biharamulo tarehe 14, wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazina kirusi, na tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa. Nakubali serikali haiwezi kutangaza mlipuko kwa tetesi. Lakini kati ya kukanusha na kuthibitisha kuna sentensi ya tatu: tumesikia, tunapima, hadi jibu litoke msiguse mgonjwa wala maiti bila kinga. Sentensi hiyo haivunji sheria, haifukuzi mtalii, na kwa anayeuguza mama yake siku hizo sita ina uzito kuliko zote.

Namrudia Mama Shamimu, maana yeye alikuwa akizitumia zile namba. Aprili 2020 kila zilipotangazwa aliniuliza ukumbini, "Mwanangu, leo wangapi?" Zilipopita mia moja aliweka ndoo ya maji yenye bomba pembeni ya karai. Zilipozidi mia mbili aliondoa benchi, akawa anafunga chapati kwenye karatasi watu waende nazo, na mama yake mzee akamrudisha Mkuranga. Alipoteza wateja wa supu, maana supu hainyweki njiani, lakini aliona heri hivyo. Hakuna aliyemwamuru. Mei ilipoanza aliniuliza tena kwa siku kadhaa, nami nikawa namjibu kwamba hawajasema. Akaacha kuuliza. Kabla mwezi haujaisha benchi lilikuwa limerudi barazani, na watu wameketi bega kwa bega wakinywa supu.